Je, Hamu Alilaaniwa?

Wanafunzi wapenzi, na ninyi wenzetu mliokwisha kuondoka shuleni,

Katika somo la dini tulikuwa tukisoma habari za Nuhu, na kijana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, babu yangu aliniambia ya kwamba sisi watu weusi tu wana wa Hamu, tena tulilaaniwa. Je, ni kweli?" Kabla sijajibu, mwenziwe akadakia, "Mimi nilisikia kinyume. Wana wa Hamu walikuwa mabwana waliotoka Uhabeshi wakaja kututawala." Darasa lote likacheka.

Mimi sikucheka, kwa maana hadithi hiyo naijua. Imepita katika nchi yetu kama moto katika nyasi kavu. Kengele ikalia, nikawaahidi jibu. Jibu lenyewe ndilo hili. Naliandika gazetini ili na wale wa zamani walisome, kwa kuwa wengi wetu tulifundishwa mambo haya vibaya, na wengine tuliyapokea bila kuuliza.

1. Kitabu chasema nini?

Fungueni Mwanzo, mlango wa 9, tangu aya ya 18 mpaka ya 27. Someni polepole. Nuhu alipanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi hemani mwake. Hamu akamwona, akatoka kwenda kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakatwaa nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Nuhu alipolevuka akatamka laana.

Sasa angalieni mambo matatu.

Kwanza, aliyetajwa katika laana si Hamu, bali ni Kanaani mwana wa Hamu. Mlango wa 10 wataja wana wanne wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Kushi ni nchi iliyo kusini ya Misri, nchi ya watu weusi, nayo haimo kabisa katika maneno ya Nuhu. Wakanaani walikaa Palestina, nchi ambayo Waisraeli waliingia baadaye.

Pili, hapana hata neno moja juu ya rangi ya ngozi, wala juu ya pua, wala juu ya kimo cha mtu.

Tatu, aliyelaani ni Nuhu, mzee aliyetoka katika usingizi wa ulevi. Mungu hakutamka laana ile. Mungu alikwisha kusema neno lake mwanzoni mwa mlango huohuo, aya ya kwanza: alimbariki Nuhu na wanawe, na Hamu alikuwa mmoja wao.

Basi swali la kijana wetu limejibiwa. Hamu hakulaaniwa, wala mtu mweusi hakulaaniwa. Lakini kama jibu ni jepesi hivi, uongo ulipata wapi nguvu ya kusafiri mbali hata ukafika Rusizi? Hilo ndilo somo la leo.

2. Kanzu iliyogeuzwa

Uongo huu ulivaliwa mara mbili, kama kanzu ambayo mtu huivaa upande wa nje, halafu akaigeuza upande wa ndani.

Mara ya kwanza waliuvaa wenye watumwa. Walikuwa na mashamba ya miwa na pamba ng'ambo ya bahari, nao walikuwa wakienda kanisani. Moyo wa mtu hauwezi kukaa vizuri pamoja na mjeledi na msalaba kwa wakati mmoja, isipokuwa mtu apate udhuru. Udhuru wakautafuta katika Mwanzo mlango wa 9. Wakasema ya kuwa Waafrika ni wana wa Hamu, na kwamba utumwa ni haki yao. Kumbukeni utaratibu wake: kwanza walitaka mali, kisha wakatafuta aya.

Mara ya pili ilikuwa baada ya mwaka 1798, Napoleon alipoingia Misri na jeshi lake pamoja na wataalamu wake. Wataalamu wa Ulaya wakaona mahekalu na sanamu, wakastaajabu. Wengi hawakukubali ya kwamba watu weusi waliweza kujenga mambo makubwa namna ile. Ndipo wengine wakakumbuka ghafula lile nililowaonyesha hapo juu, kwamba laana ilimwangukia Kanaani peke yake. Basi, wakasema, wana wengine wa Hamu hawakulaaniwa, nao ni jamii ya watu weupe walioingia Afrika kutoka kaskazini na kuleta kila kitu chema. Hamu wa laana akawa Hamu wa sifa, bali mtu mweusi wa kawaida alibaki palepale, chini.

Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Humo alisema ya kwamba wafalme wa nchi za maziwa makuu ni wa uzazi wa Uhabeshi. Speke hakukanyaga Rwanda. Alifika Karagwe, na kutoka mbali akaviona vilele vya milima yetu ya volkano. Hata hivyo neno lake lilifika kabla ya wageni wengine wote, nao walipokuja walikuwa wamekwisha kulisoma. Mwaka 1930 mtaalamu mwingine wa Uingereza, C. G. Seligman, aliandika kitabu juu ya makabila ya Afrika, akasema kwamba ustaarabu wa Afrika ni kazi ya Wahamu. Kitabu hicho kilisomwa vyuoni kwa miaka mingi.

3. Hadithi ilipofika kwetu

Majina Hutu, Tutsi na Twa yalikuwapo kabla ya Wazungu. Wala sitaki kuwadanganya kwamba zamani hapakuwa na mkubwa na mdogo, au kwamba hapakuwa na dhuluma. Lakini watu hao walisema lugha moja, walimwita Mungu kwa jina moja, Imana, na walikaa katika vilima vilevile. Hata koo zao zilichanganyika. Mtazameni Umusinga, au Umuzigaba, au Umugesera: katika kila ukoo wa namna hiyo wamo Wahutu, Watutsi na Watwa. Neno letu *ubwoko* lilikuwa jina la ukoo. Baadaye likaandikwa kwenye kitambulisho kwa maana nyingine.

Wabelgiji waliitawala nchi tangu Vita Kuu ya kwanza. Wao walipima pua na vichwa vya watu kama apimaye mbao. Katika miaka ya 1933 na 1934 wakawahesabu watu, na kila mtu akaandikiwa jina la kundi lake. Tangu hapo mtoto alirithi neno lile kutoka kwa baba yake, na kulibadili ilikuwa shida kubwa. Viongozi wa Kanisa nao hawakusimama kando. Mwaka 1930 Askofu Léon Classe aliiandikia serikali kuionya isiwaondoe watemi wa Kitutsi, akiwaona kuwa ndio waliozaliwa kutawala. Hivyo mtoto wa Kitutsi aliambiwa shuleni kwamba yeye ni bora, na mtoto wa Kihutu akaambiwa kwamba yeye ni wa kutumikia. Wote wawili walidanganywa, na wote wawili walidanganywa kwa kitabu.

Halafu kanzu ikageuzwa mara nyingine. Tangu 1959 sifa ya ugeni ikawa hatia. Yule aliyeitwa bwana kwa kuwa alitoka Uhabeshi akaitwa sasa mvamizi kwa kuwa alitoka Uhabeshi. Watu wakachomewa nyumba, wakakimbilia Burundi, Kongo, Uganda na Tanganyika. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Léon Mugesera aliuhutubia mkutano, akasema kwamba Watutsi watarudishwa Uhabeshi kwa njia fupi ya mto Nyabarongo. Yeye alikuwa mtu wa chuo kikuu. Mwaka na nusu baadaye maiti zilielea katika mto ule, zikaingia Akagera, zikafika Ziwa Victoria. Tangu kitabu cha Speke mpaka maneno ya Kabaya ni miaka 129. Basi yeyote asiseme kwamba neno la kitabuni halina mikono.

Hapa kwetu, katika mkoa ulioitwa Cyangugu siku zile, watu walikimbilia kanisani mwezi wa Aprili 1994. Walikwenda Mibilizi, misioni iliyoanzishwa mwaka 1903. Walikwenda Shangi. Walikwenda Nyamasheke. Waliamini kwamba nyumba ya Mungu itawalinda, kama ilivyowalinda wengine katika fujo za miaka ya nyuma. Waliuawa humo na katika viwanja vyake. Wengi wa waliowaua walibatizwa katika visima vilevile vya ubatizo. Katika nchi nzima, kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, waliokufa katika siku zipatazo 100 ni zaidi ya watu milioni moja.

Waswahili husema, damu ni nzito kuliko maji. Mwaka ule tuliona ya kwamba kwa wengi wetu maji ya ubatizo yalikuwa mepesi mno.

4. Kwa nini sikucheka

Nawaeleza sasa jambo langu mwenyewe, kwa maana mwalimu asiyejihesabu miongoni mwa wanafunzi hafundishi vema.

Nilipokuwa mtoto, katika shule moja ya msingi, mwalimu aliingia darasani na daftari. Akatuamuru tusimame kundi kwa kundi ili apate kutuhesabu. Mimi nilisimama na walio wengi. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja hakujua asimame lini, kwa kuwa kwao hawakupata kumwambia. Mwalimu akampeleka nyumbani akamwulize baba yake. Kesho yake asubuhi akasimama na wale wachache. Darasa likacheka. Nami nikacheka.

Hakunitazama siku ile, wala hatukulizungumza. Tuliendelea kugawana kalamu na viazi vya kuchoma. Baada ya 1994 sikumwona tena, nami sikupata kumwomba radhi. Kicheko kile hakikuua mtu. Lakini wauaji walianza kujifunza siku kama ile, darasani, kwa daftari la mwalimu, na mimi nilikuwa mwanafunzi mwema. Ndiyo sababu darasa likicheka habari za Hamu, mimi hunyamaza.

5. Mafundisho yaliyo kweli

Imani yetu yafundisha mambo matatu juu ya habari hii, nayo hayatengani: utu, haki na umoja.

Utu. Mwanzo 1:27 yatuambia kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, mwanamume na mwanamke. Haisemi mtu wa kabila fulani. Mtume Paulo alipohubiri Athene, katika Matendo 17:26, aliwaambia Wayunani wenye kiburi cha elimu ya kwamba mataifa yote yametoka kwa mmoja. Basi mtu hapewi utu wake na serikali, wala na kitambulisho, wala na pua yake. Alipewa kabla hajazaliwa. Amdharauye anaitukana sura ya Mungu mwenyewe.

Haki. Tukikubali kwamba kila mtu ana sura ya Mungu, basi kumdhulumu si kosa dogo. Baada ya Kaini kumwua Abeli, damu ya marehemu ililia kutoka ardhini, na Mungu akaisikia. Nabii Amosi, mlango wa 5, aliwaambia watu wa ibada kwamba Mungu amechoka na sikukuu zao na nyimbo zao, maana haki haipo. Tena mwangalieni Zakayo katika Luka 19. Alipookolewa hakuimba tu, bali alifungua mfuko. Alitoa nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu akaahidi kumrudishia mara nne.

Umoja. Wagalatia 3:28 na Waefeso 2:14 yafundisha ya kwamba katika Kristo ukuta uliowatenga watu umebomolewa. Lakini angalieni, ulibomolewa kwa msalaba, yaani kwa gharama. Mtu akisema, "Sisi tu wamoja, basi tusahau," naye bado ana shamba la mjane aliyempokonya, huyo hakubomoa ukuta. Ameupaka chokaa tu.

Wenzetu wa Afrika Kusini walijifunza jambo hili kwa machozi. Kulikuwa na makanisa huko yaliyotetea ubaguzi wa rangi kwa Biblia. Mwaka 1982 muungano wa makanisa ya Kireformati ya ulimwengu ulikutana Ottawa, ukasema wazi kwamba fundisho la ubaguzi ule ni dhambi na kwamba kulitetea kwa Maandiko ni uzushi. Mwaka huohuo kanisa moja la watu waliobaguliwa liliandika ungamo la imani huko Belhar, karibu na Cape Town, nalo likalikubali rasmi mwaka 1986. Mambo makuu ya ungamo hilo ni matatu: umoja, upatanisho na haki. Uongo ulioandikwa lazima ukanushwe kwa maandishi. Kwetu pia, tarehe 20 Novemba 2016, maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa ajili ya wana wa Kanisa walioshiriki mauaji. Mwezi wa Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake katika jambo hilo.

6. Mushaka

Msidhani ya kwamba haya ni maneno ya vitabu tu. Katika wilaya yetu ya Rusizi iko parokia ya Mushaka, nako aliongoza Padre Ubald Rugirangoga. Mwaka 1994 alikuwa padre wa Nyamasheke, akaponea ng'ambo, Kongo. Mama yake aliuawa, pamoja na zaidi ya watu 80 wa jamaa zake. Baadaye alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, na akawalipia watoto wake karo ya shule.

Wafungwa waliokiri makosa walipoanza kurudi nyumbani, wengine walitaka kukaribia meza ya Bwana kama zamani. Mushaka hapakusemwa, "Karibuni, yamekwisha." Wala hapakusemwa, "Ondokeni, hamna sehemu hapa." Waliwekwa katika mafundisho ya miezi 6, kama watu wanaoanza upya. Iliwapasa kumwendea yule waliyemkosea, wakubali kosa kwa jina lake, na kuomba msamaha. Walionusurika nao walifundishwa na kusaidiwa, wala hawakulazimishwa. Kisha, mbele ya kusanyiko, aliyekosa na aliyekosewa walisimama pamoja. Ndiyo maana ya Mathayo 5:23 na 24: acha sadaka yako mbele ya madhabahu, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako.

Mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012 baada ya kuamua karibu mashauri milioni mbili, zilifanya kazi ya sheria. Mushaka walifanya kazi ambayo sheria haiwezi. Padre Ubald alifariki Marekani mwezi wa Januari 2021, lakini njia aliyoionyesha haikuzikwa naye.

7. Vijana wa Nyange

Nanyi msiseme, "Sisi ni wadogo." Huko Nyange, katika wilaya ya Ngororero ya sasa, kanisa liliangushwa kwa tingatinga mwezi wa Aprili 1994 juu ya watu waliojificha ndani, na padre wa hapo alihukumiwa na mahakama ya kimataifa kifungo cha maisha mwaka 2008. Padre yule alisoma teolojia. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, katika shule ya sekondari ya Nyange hiyohiyo, watu wenye bunduki waliingia madarasani wakati wa kujisomea. Waliwaamuru wanafunzi wa darasa la tano na la sita wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wakakataa. Wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda wote. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono. Wengine wakafa, wengine wakabaki na vilema. Taifa limewaweka katika daraja la mashujaa liitwalo *Imena*.

Linganisheni. Mwalimu wangu aliingia na daftari tu, bila bunduki, nasi tukasimama tulipoambiwa. Wale waliona bunduki, wala hawakusogea.

8. Neno la mwisho

Sisi wa Rusizi tunakaa mpakani. Ukisimama Kamembe unaiona Bukavu, na sokoni Kiswahili cha ng'ambo twakisikia kila siku. Ule uongo wa pua na kimo nao huvuka mto bila kuonyesha karatasi. Mwaka 1998 watu waliuawa Kinshasa na kwingineko Kongo kwa kuwa tu sura zao zilidhaniwa kuwa za Kitutsi. Nasi huku, husikii kijana akimcheka Mkongo kwa asili yake, au akimwita Mtwa kwa dharau? Usiposikia, jisikilize mwenyewe.

Kijana aliyeniuliza lile swali, nakushukuru. Nenda ukamwambie babu, kwa heshima yote: "Babu, nimesoma mwenyewe. Hamu hakulaaniwa." Kisha kaa naye umsikilize, maana huenda naye ana rafiki wa dawati moja ambaye hakupata kumwomba radhi.

Maswali ya kujijaribu

1. Katika Mwanzo 9, ni nani aliyebarikiwa, ni nani aliyelaaniwa, na kila neno lilitoka kinywani mwa nani?
2. Hadithi ya Hamu iligeuzwa namna gani, na kila mara ilimfaidia nani?
3. Soma Luka 19:1 hata 10. Zakayo alifanya nini kilichoonyesha kwamba toba yake ni ya kweli?
4. Kwa nini umoja usio na haki haudumu? Toa mfano kutoka kijijini kwenu, bila kutaja jina la mtu.